Mzungu Aliyesema Furaha

Mpiga kinanda wetu alipata kazi katika hoteli moja ya Unguja, akaja kutuaga akiwa ameshakata tiketi ya boti. Alikaa barazani kwa mama mkwe wangu, pale Jadida, mjini Wete, Pemba, akanywa chai, akala mkate wa kumimina, akala na kile kipande alichowekewa mume wangu, kisha akajifuta mikono na kusema, "Bi mkubwa, nakuombeni radhi. Riziki imeita."

Mama mkwe akamwambia nenda mwanangu, Mungu akufungulie. Akamsindikiza kwa dua mpaka njiani. Aliporudi alikaa chini, akatutazama mimi na jirani yetu, akasema, "Basi. Kikundi kimekufa."

Kikundi chenyewe tulikuwa wanawake watatu, na huyo mpiga kinanda wa nne. Mama mkwe ndiye mwimbaji. Alikuwa akiimba kwenye harusi za Wete na vijiji vyake tangu mimi sijazaliwa, na sauti yake ilikuwa imekomaa, nzito kidogo, yenye kukwaruza pale panapopendeza kukwaruza. Jirani yetu, ambaye asubuhi aliuza maandazi, ndiye mpiga dumbaki, ngoma ya kupakata. Mimi nilikuwa mwitikiaji. Sikuchaguliwa kwa sauti. Niliingia kikundini kwa kuolewa.

Mpiga kinanda, kwa kuwa ni mwanamume na harusi zetu ni za wanawake watupu, tulikuwa tukimfungia pazia la kanga, akapiga akiwa ndani humo, haoni wala haonekani. Chakula alipitishiwa chini ya pazia. Mama mkwe akitaka wimbo umalizike, alikohoa. Mambo yalikwenda vizuri isipokuwa msimu wa mafua, maana kila mgeni aliyekohoa alikatisha wimbo, na siku moja tulimaliza nyimbo zote za harusi kabla biharusi hajatolewa ndani.

Kwa siku chache mama mkwe alikaa kama mfiwa. Kisha asubuhi moja akaja mlangoni kwangu, ameshavaa buibui kana kwamba tunatoka.

"Nasikia Chake kuna harusi imepigwa kinanda cha ndani ya kompyuta. Hapana ntu, hapana pazia."

"Ndiyo, Mama. Siku hizi zipo programu za kutengenezea muziki."

"Na hiyo programu haili?"

"Haili, Mama."

"Na kompyuta weye unayo."

Nilikuwa nayo, kweli. Nilikuwa nikisomesha jiografia katika skuli ya sekondari, na laptopu yangu, kuukuu, yenye kuunguruma kama cherehani, niliinunua kwa ajili ya kutungia mitihani. Nikamwambia hivyo. Akanijibu, "Basi sasa itungie nyimbo," akavua buibui lake akaenda zake jikoni. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha.

Masharti aliyatoa baadaye, tukiwa tunachambua mchele. Hiyo programu iwe rahisi, maana sisi tunaanza. Iwe ya bei ya watu kama sisi. Na isiwe na picha za wanawake walio nusu uchi, maana kikundi chake kina heshima zake.

Mume wangu, ambaye alifanya kazi bandarini na hakuwa na haja ya muziki wa aina yoyote, alinisikiliza nikimweleza, akasema, "Miye nilioa mwalimu wa jiografia," akageukia ukutani akalala. Kwa hiyo nilibaki peke yangu na kazi hiyo.

Kwanza nilikwenda Chake, maeneo ya Tibirinzi, kwenye duka lililouza vifuniko vya simu, mafuta ya nywele na sidii. Mwenye duka alikuwa bwana mmoja mwenye maneno matamu. Nilipomwambia nataka programu ya mtu anayeanza, ya bei nafuu, alicheka kwa huruma.

"Mwalimu, usijidharau. Chukua wanayotumia wakubwa. Studio zote za Dar ni hii hii."

"Si itakuwa ghali?"

Akanitajia bei. Ilikuwa sawasawa na bei ya chupa ya mafuta ya nywele iliyokuwa kando yake. Hapo ningejua kwamba mali hiyo ilikuwa imenakiliwa na kunakiliwa tena, lakini nilikuwa na haraka ya kuwahi gari, na yule bwana alikuwa ameshanifungia.

Nyumbani niliiweka kwenye laptopu baada ya sala ya alasiri, nikaifungua. Skrini ilijaa vifundo, taa, mishale na namba, kama chumba cha nahodha wa meli. Nilihangaika nayo mpaka karibu na magharibi, na mafanikio yangu yote yalikuwa sauti moja, inayofanana na mlango wa kabati lenye kutu, ambayo sikujua namna ya kuinyamazisha. Mama mkwe alichungulia akauliza, "Hilo ndo fidla?" Nikazima umeme wa chumba kizima, lakini laptopu ilikuwa na betri, ikaendelea kulia gizani.

Kulipokucha niligundua kwamba sidii ile ilikuwa imekuja na wadudu wake. Kila karatasi niliyoihifadhi kwenye laptopu ilikuwa imegeuka alama isiyofunguka. Mtihani wa kidato cha tatu, uliokuwa ufanywe wiki hiyo, ulikuwa umekwenda na maji, na ikabidi niwatangazie wanafunzi wangu kwamba umeahirishwa. Walisikitika sana. Sijapata kuona watu wakisikitika huku wanarushiana kofia.

Fundi aliisafisha laptopu. Mimi, kwa woga, nikahamia kwenye simu. Nilipata programu ya bure kabisa, na neno "bure" lilimfurahisha mama mkwe kuliko lolote nililowahi kumletea. Tukakaa kwenye mkeka, watatu, simu katikati. Kwenye kioo mlikuwa na vyumba vya rangi rangi. Ukigusa hiki inapiga ngoma, ukigusa kile linapiga zumari. Hata mimi niliona hii ni ya mtu anayeanza. Nikagusa viwili vitatu vikalingana, mama mkwe akafumba macho, akaanza ubeti wa kumsifu mama wa biharusi.

Alipofika pale pa kupanda, simu ikatoa mlio wa bunduki, na mtu akapiga ukelele wa kukata roho.

"Audhubillahi! Nani huyo?"

"Tangazo, Mama. Zinazokuwa za bure huwa na matangazo."

"Tangazo la nini?"

"La mchezo. Mchezo wa kuua maiti."

Akafikiri. "Maiti si ameshakufa?"

Tukaanza tena ubeti, na maiti wakaja tena, safari hii wengi zaidi. Mama mkwe alijifunga kanga yake vizuri, akasema bora yule aliyekuwa akila.

Programu ya tatu, ya laptopu tena, nilipewa na mwalimu mwenzangu. Hii haikuwa na maiti wala wadudu, ilikuwa nyepesi, na nilikuwa nimeanza kuielewa elewa. Iliangushwa na jambo ambalo halimo katika ushauri wowote wanaopewa watu wanaoanza muziki. Nilipoifungua mbele ya kikundi, skrini nzima iliwaka rangi za chama.

Lazima nieleze, maana watu wa mbali huona ni mzaha. Ilikuwa karibu mwaka mmoja baada ya uchaguzi, na miaka ile ya vyama vingi kwetu Pemba harusi zenyewe zilikuwa na chama. Kulikuwa na nyumba ambazo hazinunui kwa fulani, na fulani hapandi gari ya fulani, na watu wawili wakioana kutoka pande mbili, shughuli ilikuwa ndefu kuliko ya ndoa yenyewe. Kikundi chetu kiliimba pande zote. Mama mkwe alisema koo lake halina kadi. Lakini jirani yetu mpiga dumbaki alikuwa nayo, na aliiweka ndani ya msahafu. Harusi za upande wa pili alizipiga kwa ufundi ule ule, ila alipiga amenuna.

Sasa rangi zilizowaka zilikuwa za upande wa pili. Jirani alizitazama, akalipakata dumbaki lake kwapani, akasimama.

"Miye sikai mbele ya kitu hicho."

"Ni rangi tu, mwenzangu," mama mkwe akasema.

"Rangi tu? Na bendera si rangi tu, Bi mkubwa?"

Nilitafuta ndani ya programu mahali pa kubadilisha rangi. Palikuwepo, lakini palifunguka kwa aliyelipia tu, na malipo waliyotaka yalikuwa makubwa kuliko mshahara wangu. Nikaifunga laptopu. Jirani akakaa.

Ya nne niliitafuta kwa utulivu zaidi. Nilikaa skuli baada ya vipindi, mtandao ukienda kwa kujikokota, nikasoma walivyoandika watu wengine waliokuwa wanaanza kama mimi. Nikajifunza kuuliza maswali ambayo sikuyajua mwanzo: je, itaendeshwa na laptopu nzee? Je, mtu anaweza kuijaribu kabla ya kununua? Nikapata moja ndogo, isiyojulikana sana, ambayo bei yake haikufika ya kanga mbili nzuri za harusini, na walikuruhusu uijaribu kwanza. Skrini yake ilikuwa ya kijivu. Nilimpelekea jirani aikague. Akasema kijivu hakina mwenyewe.

Ndani yake kulikuwa na fidla za kulia vizuri, na midundo ya nchi za Kiarabu iliyotengenezwa tayari, na ndani ya midundo hiyo dumbaki. Hilo lilileta ugomvi mwengine.

"Kama limo dumbaki mle," jirani aliuliza, "miye nakaa wapi?"

Mama mkwe akaniamuru nilitoe. Nikalitoa, na tokea hapo kompyuta ikapiga fidla na kinanda, yeye akapiga dumbaki lake kwa mkono, na mpaka leo nasema huo ulikuwa uamuzi bora wa kimuziki tuliofanya.

Mazoezi yalikuwa na shida moja. Programu zile hugonga kipimo, tak, tak, tak, ili mwimbaji asitoke nje ya mwendo. Mama mkwe hakuwa amewahi kugongewa. Mpiga kinanda wetu, pamoja na kula kwake kote, alikuwa na sikio: bibi akiivuta sauti, alimsubiri, akivuta pumzi, alipitisha vidole kidogo kujaza nafasi. Kompyuta ilikwenda zake.

"Mwambie asubiri, sijavuta pumzi."

"Hasubiri, Mama. Ndivyo alivyo."

"Basi hana adabu. Ntu mzima anaimba, yeye anagonga tu kama mwashi."

Nikauzima ugongaji ule, nikakaa naye na wimbo wetu mmoja, ule wa kumpongeza mama mwenye harusi, nikamsikiliza pale anapovuta na pale anapopumua, na kila mahali nikaongeza nafasi ya fidla. Ilinichukua muda mwingi kuliko kutunga mtihani. Lakini siku aliyoimba mpaka mwisho bila ya kugombana na mtu, aligeuka akaniangalia namna ambayo hakuwahi kuniangalia tangu nilipoolewa. Akasema, "Kumbe una akili." Nilikuwa na shahada.

Ikaja harusi ya Gando. Bwana wa spika alisema yeye hatumii laptopu, nimpelekee muziki kwenye flashi. Nikautoa wimbo kwenye programu, nikautia kwenye flashi, nikausikiliza mwanzo wake, ukanipendeza, ikaadhiniwa, nikafunga. Programu ilikuwa bado ile ya kujaribia. Nilikuwa nimesoma kwamba ina mipaka yake, nikaipitia sehemu hiyo kama mtu anavyosoma karatasi ya dawa ya kichwa.

Ua wa harusi ulizungushiwa makuti, wanawake wamejaa, marashi na jasho na udi. Spika zilikuwa ndani, lakini mashine na bwana mwenyewe vilikuwa nje ya ua, kwa kuwa ni mwanamume. Mama wa bwana harusi alikaa kwenye kiti cha mbele, mwanamke mnene, mzuri, amevaa dhahabu za kuazima na za kwake. Fidla zikalia. Jirani akatia dumbaki. Mama mkwe akaimba ubeti wa kwanza, na nakuapia, watu walinyamaza.

Kisha, katikati ya fidla, kwenye nafasi niliyoiacha kwa ajili ya pumzi, mwanamke wa Kizungu akasema kwa sauti kubwa, ya upole, kama ya kwenye uwanja wa ndege:

"Trayo veshen."

Nikamfahamu mara moja. Anatangaza kwamba hii ni programu ya majaribio, haijanunuliwa. Mama mkwe, kwa mazoea, akakohoa. Muziki ukaendelea. Nilitaka kukimbia nje nikaizime mashine, lakini sikuwa na buibui, nimevaa nguo ya harusi ya mikono mifupi, na nje wamekaa wanaume wa Gando nzima. Nikabaki pale pale, nikiitikia kibwagizo kwa sauti ya mtu anayezama.

Mama wa bwana harusi akamwinamia aliyekaa ubavuni kwake. "Kasemaje?"

"Kasema furaha."

"Nani?"

"Huyo Mzungu. Kasema furaha. Nimemsikia kwa masikio yangu."

Neno likapita kutoka mkeka mpaka mkeka: kuna Mzungu ndani ya wimbo, anampongeza mama mtu, kasema furaha. Aliporudi tena mwisho wa ubeti wa pili, walikuwa wanamsubiri. "Trayo veshen!" akasema, na ua mzima ukapasuka kwa vigelegele. Alipokuja mara nyengine mama wa bwana harusi aliinuka mwenyewe akiwa na noti mkononi. Mimi nilidhani anakwenda kumtunza mama mkwe. Alimpita, akaenda mpaka kwenye spika, akaichomeka noti ile kwenye wavu wake. Wakafuata na dada zake. Mama mkwe aliimba ubeti mzima akiangalia spika inatunzwa.

Mtu mmoja tu hakupiga kigelegele. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtoto wa watu wa pale, aliyekuja kwa ajili ya harusi kutoka Maskati. Alikuwa ameinama, amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Baadaye alinifuata nyuma ya jiko.

"Mwalimu," alisema, akijifuta macho, "mbona mnawatangazia watu kwamba hamjanunua?"

"Nakuomba, dada yangu. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Mama yangu ndo kampa dada yake, mama wa bwana harusi, ile noti ya kwanza amtunze." Akaanza kucheka tena, ikabidi ashike ukuta.

Njiani kurudi, tulipokaribia Wete, mama mkwe akanigeukia. Nikajua nitapata yangu. Akasema, "Yule Mzungu ulimtoa wapi?"

Nikamweleza yote, kwamba yule si mgeni wala hapongezi mtu, ni alama ya kutolipa. Alisikiliza kwa makini. "Basi lipa," akasema. "Siye si watu wa kutangazwa."

Kulipa nako kulikuwa na njia yake, kwa kuwa wenye programu walitaka kadi ya benki ya aina ambayo mimi sikuwa nayo. Binamu wa mume wangu aliyekuwa Maskati akatulipia, mume wangu akamrejeshea kwa njia za ndugu, na hapo ndipo nilipomsikia mume wangu kwa mara ya kwanza akisema "programu yetu". Nikaingiza namba za siri walizonitumia. Nikautoa wimbo upya, na safari hii niliusikiliza wote, mpaka fidla ya mwisho. Safi. Mzungu hayumo.

Tukaupeleka kwenye harusi ya hapo hapo Jadida, mitaa michache kutoka kwetu, kwa mama mmoja anayemwoza binti yake wa pekee. Mama mkwe aliimba vizuri kuliko Gando. Jirani alipiga, amenuna, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya upande wa pili. Lakini niliona watu hawatulii. Kila zilipofika fidla, vichwa viligeukia kwenye spika. Wimbo ukaisha. Hakuna kigelegele hata kimoja. Kulikuwa na ukimya wa watu waliokaribishwa pilau wakaletewa wali mweupe.

Mama wa biharusi alitujia tukiwa tunafungasha.

"Mwalimu, yuko wapi?"

"Nani, Bi?"

"Mzungu. Wa Gando mlimtia, akampongeza mwenzangu mbele za watu. Miye nimekosa nini?"

Nikaanza kumweleza habari ya namba za siri na kulipia. Aliinua mkono.

"Usinieleze, mwanangu. Watu wa Gando ni wa chama gani, na siye wa chama gani, tunajua. Na mpiga dumbaki wenu anajulikana."

Jirani akataka kujibu, mama mkwe akamkanyaga mguu. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Kabla ya Ijumaa habari ilikuwa imefika sokoni: kikundi cha Bi fulani wa Jadida kinawapa Mzungu watu wa chama chao, wengine wanawanyima. Bibi mmoja alimwuliza mume wangu bandarini kama ni kweli Mzungu mwenyewe ametumwa na wafadhili. Harusi mbili tulizoahidiwa zikawa "tutakuambieni". Na jirani yangu, baada ya miaka yote ile ya kununa kwa haki, sasa alikuwa ananuna kwa kusingiziwa. Alisema hajawahi kudhulumiwa hivyo.

Niliona dawa ni kumrudisha Mzungu. Nikaifuta programu, nikaiweka tena upya bila ya zile namba za siri, nikautoa wimbo. Hayumo. Kumbe programu ilikuwa imeshaijua laptopu yangu kwamba ni ya mtu aliyelipa. Nikafuta tena, nikaweka tena. Nilikaa pale nikimtafuta mwanamke yule niliyetoa pesa aondoke, na kila nilichokipata kilikuwa fidla safi.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu. "Hivyo kinanasa sauti hicho?"

"Kinanasa, Mama. Ukiwa na kipaza sauti."

"Kiingereza alichosema kilikuwa kirefu?"

"Maneno mawili."

"Basi miye nayaweza."

Mama mkwe alikuwa amesoma darasa chache tu, zamani, na Kiingereza chake kilikuwa ni kile walichomkaribishia mwalimu asubuhi. Nilipinga. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba anayeanza, asiye na studio, anaweza kurekodi ndani ya kabati la nguo, maana nguo humeza mwangwi. Kwa hiyo alasiri ile mama mkwe wangu aliingia katika kabati langu la nguo, akakaa kwenye kigoda kati ya magauni yangu na kanzu za mume wangu, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Jirani alishika mlango usifunguke. Mume wangu aliingia kutafuta kanzu ya sala, akatuona, akasikia sauti ya mama yake kutoka kabatini ikisema "Bismillahi", akatoka bila kuuliza kitu.

Mara ya kwanza alisema, "Gudi moning, ticha." Nikamwambia, "Mama, hapa hapana mwalimu." Akasema, "Weye si mwalimu?" Mara ya pili alisema, "Sit dauni." Tukamwambia watu watakaa chini katikati ya kucheza. Mwishowe aliyavuta kutoka mbali, akalainisha sauti yake ile ya kukwaruza, akasema kwa upole mkubwa na kwa Kipemba kisichofichika:

"Weri gudi, mama biharusi. Weri, weri gudi."

Jirani aliachia mlango kwa kucheka.

Biharusi alikuwa bado kwenye fungate yake kwa mama yake, basi tuliupeleka wimbo nyumbani kwao na spika ndogo, pamoja na sinia la maandazi ya jirani, ambayo alisema anayatoa kwa ajili ya muziki, si kwa ajili ya chama. Mama mtu alitupokea kwa baridi. Akakaa, mikono mapajani. Fidla zikalia, ubeti ukapita, kisha kabati langu likasema, "Weri gudi, mama biharusi."

Mimi nilitazama mkeka. Hakuna ambaye asingejua sauti ile. Mwenyewe alikuwa amekaa pale, akitazama dari kama malaika. Mama mtu alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba urudiwe. Akasikiliza tena, akainamisha kichwa upande.

"Huyu wetu," alisema, "Kiingereza chake kinafahamika zaidi."

Akamwita binti yake aje asikilize. Akachukua andazi, akampa jirani yetu la kwanza kwa mkono wake, na jirani akalipokea akalila, amenuna kidogo tu.

Nafikiri alijua. Sijamwuliza, wala mama mkwe hajamwuliza. Lakini kuanzia hapo kila harusi, ya upande huu na upande ule, ilimtaka Mzungu wake, na kila mama alitaka atajwe yeye mwenyewe, kwa hiyo mama mkwe aliingia kabatini mara nyingi. Kiingereza chake kilikua. Msimu uliofuata alikuwa anasema "kongratulesheni" bila kusimama katikati.

Siku hizi wasichana wa skuli hunijia kuniuliza ni programu gani wachukue, wakiwa na simu zao na nyimbo kichwani. Nawaambia wajaribu kabla ya kununua, wanunue ndogo wanayoielewa, na wasikilize wimbo wote mpaka mwisho kabla ya kumpa mtu flashi. Hilo la mwisho nalisema kwa ukali mpaka hushangaa.

Laptopu yenyewe imeshahamia chumbani kwa mama mkwe. Alitaka nimfundishe, nikamfundisha, na sasa anafungua, anakata, anarefusha pale pa kuvuta pumzi bila kuniita. Juzi nilipita na ndoo ya maji, akaniita nisikilize wimbo alioupanga. Nikaiweka chini ndoo nikasikiliza. Nikamwambia fidla zimezidi.

"Hazijazidi," akasema, macho kwenye skrini. "Weye ni mwitikiaji. Itikia."

Nikaitikia.